Kafi la Baba na Sikio la Mashine

Jumanne, 1 Agosti
Bahari imefunguliwa leo baada ya mwezi mzima wa kufungwa ili samaki wazaane. Na leo Jumanne! Jumanne bahari hupumzika, hakuna mtumbwi unaoshuka hapa Moree. Mimi nilizaliwa Jumanne, ndiyo maana naitwa Ebo. Jojo, mtoto wa shangazi, husema nilizaliwa bahari imelala, ndiyo maana hainijibu. Mshenzi.

Nahodha Egyir kaniita. Kasema tangu Baba atutoke nakaa omoni, mbele ya mtumbwi, mahali pake, natia kafi lake majini, naweka sikio mpinini, natikisa kichwa kama mjuzi, na nyavu zinarudi tupu. Wiki moja tu. Nisipowasikia samaki, Jojo ndiye atakuwa sikio la mtumbwi.

Baba aliwasikia dagaa papa wakipita chini. Mimi nasikia maji. Nimesikiliza mpaka sikio limeota sugu. Maji tu.

Lakini Ebo si mjinga! Nimebadilishana redio ya Baba na jamaa wa Takoradi. Kanipa mashine ya kuonyesha samaki: kioo, waya, na kihisio, kidude cheusi mfano wa kipande cha sabuni, ambacho ndicho hukaa majini kusikiliza. Kioo na betri nitavificha ndani ya kapu la kenkei, madonge yetu ya mahindi. Nitajifanya nasikiliza kafi, huku nachungulia kapu. Mama kauliza redio iko wapi. Iko kwa fundi, nimesema.

Jumatano, 2 Agosti
Jamaa alisema nikigandishe kihisio ndani, sakafuni, kitaona hata kupitia ubao. Ubao, sawa. Mtumbwi wetu ni gogo zima, sakafu nene kama mkono wangu. Kioo kimebaki cheupe pe. Nikanyoosha kidole hivyo hivyo, nyavu zikashuka. Tumevua viwavi wa baharini na kandambili moja ya kushoto. Jojo kauliza kama samaki wamenidanganya au tumegombana.

Ijumaa, 4 Agosti
Lazima kikae nje. Wenzangu walipokwenda kula nimeingia chini ya mtumbwi na keekee. Tundu safi. Kihisio chini, waya juu, gundi pande zote. Laiti Baba angeniona!

Jumamosi, 5 Agosti
Magogo! Nimesahau magogo! Kila alfajiri mtumbwi huu huburutwa juu ya magogo mpaka majini, nami nimeusukuma tangu nina meno ya utoto. Gogo la kwanza tu, kra! Kihisio kikachomoka, kikaning'inia kwenye waya. Nimekivuta ndani kupitia tunduni kabla hawajaona. Kina mikwaruzo, ila kizima.

Maji yakaanza kuingia. Nimekalia tundu asubuhi nzima. Nahodha kaniambia nisimame nisikilize, nikasema leo nasikiliza nimekaa. Kalio la kushoto halina hisia hadi sasa.

Jumapili, 6 Agosti
Tundu nimeliziba kwa kipande cha mti na gundi. Nimefikiri sana. Nataka kitu kinachoingia majini lakini hakigusi magogo. Kitu gani? Kafi!

Mama alikuwa kanisani. Nimechonga shimo shingoni mwa kafi la Baba, kihisio kikaingia kama kimezaliwa humo. Mpini una bonde pale kidole gumba chake kilipokaa. Nilipoliona nililia kidogo. Nimemkumbuka mno. Kisha nikamalizia kuchonga, nikalificha kafi chini ya mkeka wangu.

Jumatatu, 7 Agosti
Imefanya kazi! Kioo kimejaa samaki! Nikainua mkono kama alivyokuwa akiinua yeye. Nyavu zikashuka, zikapanda na dagaa papa mpaka mtumbwi ukalala upande. Wote wakaimba jina la Baba. Langu hapana, la Baba. Nikaona sawa, leo naweza kuwa mwanawe.

Nahodha kasema nisukume kwa kafi tugeuke. Nikasukuma. Likakatika pale pale nilipochonga. Bapa lake likazama, na kihisio ndani yake, waya ukivuta kapu la kenkei mbele ya macho ya watu wote. Nikaudaka, ukakatika.

Wimbo ukakoma. Nahodha hakufoka. Kasema tu, "Ebo, tumemwimbia marehemu kwa uongo." Mahali pa omoni ni pa Jojo. Jojo hakucheka. Heri angecheka.

Nimemletea Mama kipande kilichobaki. Kakipokea kwa mikono miwili. Kaniambia kila siku kabla ya alfajiri, mimi nikiwa bado nimelala, yeye hulitia kafi ndani ya karai la maji hapo uani, akaweka sikio. Sikujua. Nikamuuliza alikuwa anasikia nini. "Mume wangu akikohoa," kasema.

Kakitia kipande hicho ndani ya karai. Kasikiliza muda mrefu. Kisha kajifuta sikio na khanga, kaenda kuwasha jiko la moshi, maana samaki hawangoji. Nimelia hadi nimeshikwa na kwikwi.

Jumanne, 8 Agosti
Bahari imepumzika. Moyo wangu hapana.

Ila nimepima mambo. Kioo kizima. Betri nzima. Kilichopotea ni kihisio tu! Jamaa wa Takoradi anacho kingine. Anataka kitu cha zamani, cha mti mzuri. Nyuma ya mlango kipo kigoda cha Baba. Hakuna anayekitumia, isipokuwa Mama, naye hukikalia akitaka kulia tu.

Akikiulizia, kiko kwa fundi.