Bendi Isiyojua Kumaliza Wimbo

Habari aliileta Mkasi, fundi cherehani, hapa kwenye benchi langu la kuuzia kahawa, futi ya kupimia bado inaning'inia shingoni.

"Sikilizeni! Bendi yetu ya shule imefufuka. Binti yangu anaolewa Jumamosi, tunapiga sisi. Jazi ya kisasa!"

Wembe, kinyozi wa mlango wa pili, akapaliwa na kahawa. "Kisasa? Mimi, wewe na Barua tukijumlishwa tunapata miaka mia mbili!"

"Kisasa si umri, ni kutofuata noti," akasema Barua, aliyesambaza barua kwa baiskeli mpaka akastaafu.

"Noti hata shuleni hatukuzifuata," akasema Wembe.

"Basi tulikuwa wa kisasa tangu hapo, walimu ndio walichelewa kujua!"

Nikawaongezea kahawa, maana majigambo hukausha koo.

Mkasi akashusha sauti. "Ila bibi harusi anakuja sasa hivi kutusikiliza. Asiporidhika, anakodi watu wa disko. Gauni kanunua dukani, mimi babake fundi! Nikikosa na muziki, nitakaa pale kama mgeni wa kualikwa."

Wembe akaweka kikombe chini.

Binti akafika, akaamkia wazee, akakaa ukingoni mwa benchi na kalamu na ratiba yake. Wakatoa vyombo: tarumbeta la Mkasi limezungushiwa uzi mweusi mahali pawili, saksafoni ya Barua imetoka kwenye mkoba wa posta, Wembe ana ngoma moja na kiti cha plastiki.

Wakaanza. Jamani, wimbo ulikuwa mtamu! Binti akatikisa mguu. Dakika tano. Dakika kumi. Mguu ukatulia. Barua anamtazama Mkasi, Mkasi anamtazama Wembe, mashavu yametuna, jasho linatiririka, na hakuna anayeacha.

Mteja akachungulia kutoka kwa kinyozi, upande mmoja kipara, upande mmoja msitu. "We Wembe! Nusu ya kichwa changu inangoja nini?"

Wembe akadondosha vijiti. Wimbo ukakatika.

"Baba, mbona wimbo hauishi?"

Mkasi akajipangusa. "Mwanangu, shuleni tulipiga muziki wanafunzi wakiingia madarasani. Mwalimu mkuu akiinua fimbo, tunaacha. Kumaliza hatukufundishwa."

"Yuko wapi huyo mwalimu?"

"Marehemu," akajibu Barua, kofia mkononi.

"Na mimi nina hotuba, nina keki. Mkishaanza, nani atakata keki?"

Mkasi akaanza kulifunga tarumbeta kwenye kitambaa, polepole, kama anayekunja nguo ambayo mwenyewe hakuja kuichukua. Binti akamtazama sana. Akafuta kitu kwenye ratiba, akaandika kingine.

"Mtapiga mwisho kabisa, wageni wakiondoka. Mkishindwa kuacha, mlinzi atafunga geti."

Mkasi akaruka, futi ikaanguka chini. "Mmesikia? Sisi ndio wa kufunga sherehe!"

"Na tukifungiwa ndani?" akauliza Wembe.

"Si afadhali!" akajibu Mkasi. "Tutapata pa kufanyia mazoezi."