Minus Thelathini ya Mheshimiwa

Gazeti la juzi lilifika kwa benchi yetu likiwa limefungiwa mandazi, lakini kichwa cha habari kilisomeka: watoto wameanguka hesabu tena. Benchi iko nje ya kibanda cha Sellah, hapa Kiminini.

"Waanguke tu," akasema Kabiru. Tunamwita Mheshimiwa kwa sababu alisimama udiwani akapata kura tisa. "Eksi skweya nitaifanyia nini?"

"Utaoa nayo," akajibu Profesa. Huyo ni Kigen, amerudia Fomu Foo mara tatu. "Si Jumamosi wakwe wanashuka kutoka Kapsokwony kuona boma? Umezungusha ua?"

Mheshimiwa hakuwa amezungusha; hakujua ploti inaishia wapi. Barua ya marehemu babake ilisema ploti ni hatua mraba mia sita, urefu unazidi upana kwa hatua kumi. Upana wenyewe ulikuwa umeliwa na panya.

Profesa akaokota kipande cha makaa, akaandika kwa gazeti. "Upana ni eksi. Eksi skweya, ongeza eksi kumi, toa mia sita, unapata sufuri. Sasa tafuta namba mbili: ukizidisha zikupe minus mia sita, ukijumlisha zikupe kumi. Ni thelathini na minus ishirini. Kwa hivyo eksi ni ishirini, ama ni minus thelathini. Hiyo minus unatupa."

"Ati nitupe? Na ndiyo ndefu! Wakubwa wa hii nchi umewahi kuona wakitupa?"

Sellah alicheka mpaka akaweka birika chini. "Upana utakuwaje minus, bana? Utajenga chini ya udongo?"

"Minus ni kurudi nyuma. Ishirini mbele, thelathini nyuma. Baba aliniachia zote mbili!"

Nyuma ya ploti yake kuna hatua kumi, ndipo tunakaa sisi. Halafu ni ua wa mzee Hiram, mstaafu mwenye mbwa watatu na wakili mmoja. Mheshimiwa akasimama mwisho wa ploti yake, akahesabu kinyumenyume, akatupita, akaruka ua. Hatua ya thelathini ikamgonganisha na Hiram katikati ya kabichi.

"Unatafuta nini hapa?"

"Jibu langu la pili, mzee." Akampa gazeti.

Hiram akavaa miwani, akasoma polepole. "Hii minus, kila mtu ako nayo?"

"Hesabu ni ya wote, mzee!"

Profesa akafunika uso. Hiram akatoka nje, akasimama kwa ua wake, akahesabu thelathini zake: kumi juu yetu, ishirini juu ya ploti ya Kabiru, mpaka mwisho. Akapigilia kigingi, halafu akampigia wakili simu.

Mheshimiwa alirudi mbio kwa benchi. "Profesa, piga tena hiyo hesabu. Wakwe nitawaonyesha nini Jumamosi?"

"Sufuri. Si niliiandika kutoka mwanzo?"

Sellah akaanza kukusanya vikombe. "Inukeni basi. Mnakalia shamba ya Hiram."