Vipuri Chakavu Vinavyonukia

Jumatatu, 19 Januari

Kikao cha asubuhi. Vita imetangazwa. Mkurugenzi wetu, Mama Loyce, anakuja Ijumaa kuchagua mkuu wa ghala jipya la Kisarawe. Ni mimi au Eugenia, mwenzangu wa kompyuta. Atautazama mtambo ukifanya kazi, kisha atawauliza wafanyakazi wanamtaka nani aende.

Nafasi hiyo ni yangu. Shamba langu liko Marui, hukohuko Kisarawe. Recho, mke wangu, ameshaitangazia jumuiya yetu ya Visiga kwamba tunahama. Wameshatuombea. Sala hairudishwi dukani.

Eugenia kaleta mpango. Anasema mtambo wetu, ile winchi inayopita katikati ya rafu kuleta kreti, unapoteza muda mwingi njiani. Uachwe ujifunze wenyewe: mzigo unaoitwa sana usogee mlangoni, usioitwa urudi nyuma. Tena usitembee mtupu. Ukipeleka kreti moja, urudi na nyingine. Wote wakaitikia kwa vichwa kama mijusi.

Nikasimama. Nikasema huu ni ubaguzi wa kitabaka. Sabuni ikae mlangoni kama tajiri, koki za mabomba zitupwe nyuma gizani, kwa kosa gani? Na kiumbe anayebebeshwa kwenda na kurudi, katika historia yote ya dunia, ni punda. Nikapendekeza Usawa wa Rafu: kila mzigo ukae ulipo. Khalfani, dereva wa foklifti, akauliza kama mtambo umeshajiunga na chama cha wafanyakazi.

Wakacheka. Wakapitisha mpango wa Eugenia. Historia itanitetea.

Jumanne, 20 Januari

Hoja nzuri haziingii kwenye tumbo tupu. Nimebadili mbinu.

Nimeingiza kreti ya mananasi ya Marui ndani ya mtambo. Kwenye kompyuta nimeisajili kama "vipuri chakavu", maana hakuna binadamu atakayeita vipuri chakavu. Nikiiita mimi, inakuja. Natoa nanasi moja, nalikabidhi kwa mfanyakazi mmoja, kreti inarudi mafichoni. Moja moja, kila mtu kwa siri yake. Ukigawa kwa mkupuo inakuwa sherehe, na Eugenia ataiona.

Hii si rushwa. Rushwa haina maganda.

Khalfani kapokea la kwanza. Kaniita mkuu. Kijana ana upeo.

Jumatano, 21 Januari

Kampeni imepamba moto. Mapokezi wamekula. Getini wamekula. Uhasibu wamekula na kuomba la kupeleka nyumbani. Nimeleta pikapu nzima kutoka Marui, kreti juu ya kreti, zote vipuri chakavu. Kutwa nzima naita, natoa, narudisha.

Khalfani karudi. Anasema la jana alikula mkewe, kwa hiyo yeye binafsi bado hajaamua. Nikampa. Jioni karudi tena, safari hii kwa niaba ya jirani yake wa Misugusugu ambaye hafanyi kazi hapa. Nikampa. Ushawishi wa nje nao una uzito wake.

Jambo la kutia moyo: kreti zangu sasa zinakuja haraka kuliko jana. Sijamaliza kubonyeza, hizi hapa. Hata chuma kinatambua uongozi.

Eugenia alipita, akanusa, akauliza harufu tamu hiyo ni ya nini. Nikamwambia ni grisi mpya. Akasema grisi ya namna hiyo yeye angepaka kwenye mkate. Husuda tupu.

Alhamisi, 22 Januari

Furaha! Malori ya sabuni yamepanga foleni mpaka barabara ya Morogoro. Mtambo unaifuata sabuni huko mwisho wa ghala, unarudi unajikokota. Madereva wanatukana kwa lugha zao zote. Mpango wa Eugenia umeanguka wenyewe, sikuugusa hata kwa kidole.

Nimeandaa hotuba.

Ijumaa, 23 Januari

Mama Loyce kafika. Nilimwamkia shikamoo ingawa nahisi sisi ni rika moja. Aliitika marahaba bila kusita.

Akaagiza sabuni iitwe. Mtambo ukaondoka, ukapotea. Tukasubiri. Nikatumia nafasi hiyo kutoa hotuba yangu: tumeona wenyewe, wasomi wa kompyuta wamelibomoa ghala, ulinzi wa haki za koki ulipuuzwa, na kadhalika. Ilikuwa hotuba nzuri sana. Eugenia alifungua tu kioo cha kompyuta kinachoonyesha nini kimekaa wapi.

Mama Loyce akavaa miwani. Mlangoni pote: vipuri chakavu. Akauliza ni nani katika mkoa huu wa Pwani anayehitaji vipuri chakavu kuliko watu wanavyohitaji kuoga. Khalfani akatazama dari. Mama akabonyeza. Kreti ikatua kabla hajaondoa kidole, na nyuki wake.

"Bwana Maganga," akasema taratibu, "hivi ni vipuri vya gari gani?"

Nikasema ni sampuli.

Akamgeukia Eugenia, akampongeza. Mtambo umejifunza barabara, alisema, tatizo ni mwalimu. Lakini mimi bado nilikuwa na matumaini, maana kura za wafanyakazi zilikuwa zimebaki, na wote walikuwa wamekula kwangu. Khalfani akasogea mbele kwa niaba yao, mkono kifuani.

"Mama, kaka Maganga tunampenda mno. Akienda Kisarawe, mananasi yataenda naye. Tunaomba abaki."

Wote wakaunga mkono. Hata uhasibu!

Eugenia anakwenda Kisarawe. Mimi nafuta rafu zinazonata.

Jumamosi, 24 Januari

Recho kaniuliza nani ataiambia jumuiya. Nimemwambia sala haikukataliwa, ipo njiani. Kaniambia basi labda mtambo wetu ndio unaoileta. Mwanamke huyu amekaa na mimi muda mrefu, ulimi umenoleka.

Nimefuta rafu kutwa, nikitafakari kwa kina. Habari ni kwamba Eugenia atahitaji msaidizi huko Kisarawe, na wafanyakazi wataulizwa tena. Nimejichunguza bila huruma na nimeliona kosa langu. Ni moja tu: nanasi linanuka.

Korosho hazinuki.

Nimeziingiza mchana huu kwa jina la "balbu zilizoungua". Nimeziita mara kadhaa ili mtambo usizisahau. Zinakuja haraka ajabu.