Jinsi Nilivyojaza Hoteli ya Mama

Jumatatu, 6 Julai 2020

Mama ametoa uamuzi. Mwezi huu ukiisha bila msaada, atafunga hoteli arudi kijijini kwetu Nuu. Hoteli yake iko karibu na lango la soko la mifugo hapa Mwingi, na wateja wake wote walikuwa watu wa mbuzi. Soko lilifungwa kwa sababu ya korona. Hakuna mbuzi, hakuna watu. Leo alipika muthokoi, mahindi yetu ya kukoboa, tukaula sisi wawili. Hoteli hiyo ndiyo iliyonisomesha chuo. Pia ndiyo inayonilisha. Nimeogopa kwa sababu zote mbili.

Habari njema: ofisi ya serikali ninakofanya kazi inatoa ruzuku ya dharura kwa biashara ndogo. Tangazo nililichapa mimi mwenyewe. Nakumbuka vizuri sana maneno "biashara iwe hai". Mama nimeshamwandikisha. Mimi ni karani wa mkataba tu. Sijamwambia mkubwa wangu, Bi Roselyne, kwamba Mumbua wa hoteli ni mama yangu. Hakuniuliza.

Wakaguzi watapita Alhamisi.

Jumanne, 7 Julai

Tatizo. Hoteli haionekani hai. Ina kuku mmoja, naye si mteja.

Nimepata mpango! Nimeenda kwa shangazi Kanyiva, mwenyekiti wa mwethya, kina mama wanaolimiana mashamba kwa zamu. Nimemwomba watu watano. Waje Alhamisi, wakae, wale, waonekane na furaha. Wakiulizwa, waseme biashara iko juu. Akasema mwana wa ndugu yake hawezi kuomba akanyimwa. Sikumwambia Mama. Ana mawazo mengi.

Jirani yetu Githaiga, wa duka la viatu na blanketi, alinikuta nikipaka mlango rangi. Akauliza kama naoa. Nikajibu kwamba ni usafi tu. Yeye pia ameomba ruzuku. Ajabu ni kwamba alikuwa anahamisha blanketi zote kwenda stoo. Nilimwonea huruma. Wakaguzi wanakuja na mtu anaficha mali!

Alhamisi, 9 Julai

Balaa.

Mwethya haiji watano. Nilipaswa kujua, nimezaliwa huku. Ukiita mwethya inakuja yote, na asiyekuja anatozwa faini. Walikuja na vigoda vyao. Walikuja na majembe. Walijaa hoteli, wakajaa baraza, wakafika mlangoni kwa Githaiga, barakoa zikiwa kidevuni. Halafu wakaanza kuimba.

Mama alipika unga wote uliobaki, kwa maana mwethya haiondoki na njaa. Aliniangalia mara moja tu. Ilitosha.

Bi Roselyne akafika kukagua. Nilikuwa nyuma ya mlango, nimevaa barakoa mbili. Nikasikia akiuliza kama biashara imeathirika. Shangazi akamjibu kwa sauti ya kwaya: "Imeathirika wapi, madam? Hapa ni hivi kila siku! Tangu hii korona ije ndiyo tumezidi!"

Bi Roselyne akasema ruzuku ni ya biashara zilizoumia, na umati huu utaumiza wilaya nzima kwa korona. Akawapa muda wa kutawanyika kabla hajamwita chifu.

Nimeangalia tangazo. "Biashara iwe hai, na iwe imeumia." Ni sentensi moja. Kuchapa si kusoma.

Kutoka kwetu aliingia kwa Githaiga. Rafu tupu. Kiatu kimoja, cha kushoto. Shati alilovaa halina vifungo. Alitoka anapangusa macho. Bi Roselyne, si Githaiga.

Jioni Githaiga akaniita kando. "Kijana wa Mumbua," akasema, "mgonjwa haendi kwa daktari akicheza ngoma." Akacheka mpaka akashika ukuta. Shati lilikuwa limesharudi na vifungo.

Ijumaa, 10 Julai

Mama anapakia sufuria kwenye magunia. Nimemwomba msamaha. Akaniambia nimletee kamba.

Nilifikiria kuvunja dirisha la hoteli ili ionekane imeumia. Nikakosa ujasiri. Nimelipaka matope. Mama amelipangusa.

Jumatatu, 13 Julai

Bi Roselyne ameniita ofisini mwake. Niliingia nimeshaandika barua ya kujiuzulu kichwani, pamoja na salamu.

Kumbe Mama alimwendea mwenyewe Jumamosi! Alimweleza kila kitu, hata mimi ni mtoto wa nani. Akamwomba aje saa ya chakula, siku yoyote, bila kumwambia mtu. Leo mchana, kabla ya kuniita, Bi Roselyne alienda hotelini. Amekaa na sahani yake mpaka wali ukapoa. Aliyeingia ni Githaiga peke yake, akitafuta chenji.

Ameidhinisha.

Mimi nimepewa onyo. Nisiguse faili la Mama, na wakaguzi wakiwa hotelini nisionekane. Nilisema "ndiyo madam" mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Magunia yamefunguliwa. Sufuria zimerudi jikoni. Nilienda nyuma ya hoteli nikalia kidogo, kuku akinitazama.

Jumatano, 5 Agosti

Ruzuku ilifika. Soko limefunguliwa na watu wa mbuzi wamerudi. Mama amenunua mabenchi mapya, sufuria kubwa, na tangi la kunawia mikono. Anacheka tena.

Kesho wakaguzi wanarudi kuona kama msaada umeleta maendeleo. Asiyekuwa na maendeleo atarudisha kila kitu. Mama ameniambia: "Nzau mwanangu, nakuomba. Usinisaidie." Nimekubali.

Lakini mtu aliyesoma hutafakari makosa yake. Tulionyesha furaha, tukanyimwa. Tukaonyesha huzuni, tukapewa. Ni wazi kabisa. Hawa watu wanapenda huzuni.

Mabenchi mapya nimeyaficha nyuma ya kibanda cha kuni. Tangi nimelifunika gunia. Watu wa mbuzi nimewaambia kesho hakuna chakula. Mlangoni atakaa shangazi Kanyiva, peke yake, akilia. Amesema siku hizi machozi hayatoki, lakini anaweza kukohoa.

Nimemwambia akohoe kwa nguvu.