Mwakilishi wa Mlezi Amenitoa Kitini

Jumapili, 12 Oktoba 2025

Nimepoteza uenyekiti. Leo, saa saba na dakika kumi mchana, nje ya geti la shule, nikingoja watoto wa bosi. Ujumbe mmoja kwenye WhatsApp ya Umoja wa Wakenya wa Jeddah. Umetoka kwa Mama Beldina, mpishi wa villa ya pili kutoka kwetu hapa Al-Hamra: nimeondolewa, uchaguzi Ijumaa. Miaka minne na miezi mitatu ya uongozi, halas, imekwisha!

Beldina ni Mwakilishi wa Mlezi. Mlezi ni Mzee Laban, mwanzilishi wetu, ana duka la vitambaa Al-Dirah, Riyadh. Hapigiwi kura, hastaafu. Tunamwita Mfalme. Jeddah haji, kwa hiyo huteua mtu. Beldina nilimpendekeza mimi! Mpole, haongei. Kazi yake kufungua mkutano kwa sala na kukata keki.

Jumatatu, 13 Oktoba

Nimesoma katiba. Niliiandika mwenyewe. Kifungu cha tisa: uongozi ukikwama, Mwakilishi anaweza kumwondoa mwenyekiti na kuitisha uchaguzi. Nilikinakili kwenye simu, kutoka katiba ya nchi fulani yenye malkia. Ukurasa ulikuwa umebaki mtupu, unaonekana vibaya.

Eti nimekwama! Mikutano nimeitisha kumi na saba, yote hapa getini saa saba. Wanachama hamsini na wanane. Akidi thelathini. Madereva ni kumi na wanane. Akina dada arobaini hawatoki majumbani mpaka Ijumaa. Akidi haitimii, uchaguzi haufanyiki, mwenyekiti anaendelea. Hesabu safi. Haina hata tone la wizi.

Mourine, yaya, ikama yake, kibali cha kuishi huku, imekufa tangu Machi. Anataka barua ya Umoja apeleke ubalozini. Nimemjibu mara sita: akidi ikitimia, dada yangu.

Jumanne, 14 Oktoba

Dawa ipo. Aliyeteua ndiye hufuta. Nimempigia Mzee mara tisa. Hapokei. Basi nitamfuata.

Bosi alikuwa akitafuta wa kumpelekea mama yake zulia Riyadh. Nilijitolea kabla hajamaliza kusema. Akasema yalla, haya nenda, Alhamisi. Elly, makamu wangu, amenipa katoni ya maji na kunisihi nisiharakishe kurudi. Hatimaye ananiheshimu.

Ijumaa, 17 Oktoba

Kilomita mia tisa na hamsini. Maduka ya Al-Dirah yalifunguliwa alasiri, nami wa kwanza mlangoni. Nilimsomea Mzee hoja kumi na mbili. Alizisikiliza zote akikunja kitambaa. Kisha akauliza uchaguzi ni lini. Nikamwambia leo. Akatazama saa. Akauliza, sasa wewe, baba, unatafuta nini Riyadh?

Swali la dharau, lakini nilimeza. Nikamwambia amfute Beldina papo hapo. Akasema ukimtuma mtu sokoni humfuati nyuma kumshikia kikapu. Akanipa chai. Ya kawaida, bila maziwa.

Matokeo yaliingia nikiwa bado na kikombe mkononi. Waliopiga kura arobaini na tisa. Akidi! Elly arobaini na sita, mimi Alfayo watatu. Madereva kumi na wanane, watatu tu! Na mmoja wao, Fidel, ameandika kwamba alikosea kutia alama.

Jumapili, 19 Oktoba

Nimerudi. Barua ya Mourine iliandikwa Ijumaa ileile. Leo ubalozi umempigia aende na pasipoti. Akina dada wanapiga vigelegele kwenye simu. Siku mbili! Huo si uongozi, ni pupa. Mimi ningeunda kamati.

Nimetafakari kilomita zote za kurudi. Katiba haina kosa. Kosa ni Beldina. Nimeandika mpya, kurasa ishirini na mbili, nyingi nimezinakili, sijapata nafasi ya kuzipitia. Mwakilishi mpya nampendekeza Shirleen wa villa ya kona. Mpole, haongei.

Nimemtumia Mzee sasa hivi: unamfuta Beldina, ndiyo au la? Sitaki methali. Jibu moja, kabla ya Jumatano saa saba na dakika kumi mchana. Nitakuwa getini.