Kifurushi cha Kipimbwe Kilichokataliwa kwa Sababu ya Nukta

Kasansa, Mpimbwe

Kwa Mwalimu Natalia,
Darasa la Linux, Mpanda.

Binti yangu mheshimiwa,

YAH: KUKATALIWA KIFURUSHI CHANGU MARA TATU

Mimi ni mzima, isipokuwa hasira. Nilikuja kwako kujifunza kutengeneza vifurushi vya Linux, yaani kuifunga programu na maelezo yake ili kompyuta yoyote iisakinishe bila taabu. Changu kina maneno elfu nne ya Kipimbwe niliyoyaandika kutoka kinywani mwa mama kabla hajafariki, ili kompyuta za shule yetu ziache kuyapigia mstari mwekundu kama makosa. Sasa soma uliyonitendea:

1. Ulikikataa kwa sababu maelezo mafupi yaliishia na nukta. Nukta! Mimi niliyekufundisha darasa la nne, nikakupunguzia alama kwa kusahau nukta, ukalia hadi kengele ya kutoka. Leo unaniandikia: "Shikamoo Mwalimu. Ondoa nukta, kanuni hairuhusu." Aliyetunga kanuni hiyo alifeli Kiswahili.

2. Ukauliza nani mwenye haki ya maneno hayo. Nikakujibu, mama. Ukataka iandikwe. Nilikaa mbele ya kompyuta asubuhi nzima, nikaandika Theopista, jina la mtu ambaye hakuwahi kushika kalamu. Wewe ulichoona ni kwamba sikuweka mwaka wa hakimiliki.

3. Kwenye orodha ya mabadiliko niliandika: "Tumsifu Yesu Kristo. Nimeondoa nukta." Ukajibu kwamba salamu si mabadiliko. Mke wangu Bibiana akaniuliza, "Ni Natalia yule aliyekuwa akiandika jina lake kwa herufi ndogo?" Nikamwambia ndiye, siku hizi msomi.

Kwa hiyo naomba nukta yangu irudishwe. Pili, nyie wa Mpanda mfute kanuni zote. Tatu, Linux nzima, popote ilipo, iniombe radhi kwa maandishi, kila sentensi ikiishia na nukta.

Nisalimie mumeo, wanao, na wanafunzi wote unaowatesa.

Ni mimi niliyekufundisha kushika penseli,
Amedeus, mwalimu mstaafu.

N.B. Kabla sijaituma barua hii, nimeona umekipokea kifurushi na kuniteua mkaguzi wa wanafunzi wapya. Nimekubali. Cha Agustino wa Sitalike nimekirudisha leo: ameacha nafasi tupu mwishoni mwa mstari wa saba. Analalamika eti hilo ni jambo dogo. Nimemwambia akasome kanuni.