Kitufe cha Teke

Jumatatu, 3 Machi.
Nimeapa mbele ya watu. Jumamosi, kwenye banda la gemu, nacheza fainali na shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, fundi cherehani. Nikishindwa anachukua kaseti yangu ya gemu. Ninayo tangu darasa la nne: wapiganaji wa katuni ya Kijapani, wamechorwa kwa mkono hadi mikunjo ya nguo. Yule mwenye nywele za moto akikusanya nguvu, milima ya nyuma inatikisika. Miaka yote hii, mwili bado unanisisimka. Bila kaseti hiyo mimi ni kinyozi tu.

Jumatano, 5 Machi.
Nimekwenda kumpeleleza shemeji. Kisingizio: suruali iliyochanika. Niliichana mwenyewe. Ameishona huku anaangalia dirishani, vidole vinakwenda vyenyewe. Nikauliza anafanya mazoezi saa ngapi. Akasema hafanyi, ana oda ya sare za shule. Na ni mimi niliyemfundisha kushika padi ya gemu, kwa huruma! Mjinga akierevuka, mwerevu yupo mashakani.

Ijumaa, 7 Machi.
Dawa imepatikana. Nimejitolea kufagia banda. Mwenye banda kashangaa, kanipa ufagio. Padi ya kulia, ya mpinzani, nimeisokomeza chingamu chini ya kitufe cha teke. Hakibonyezeki hata kwa nyundo. Mke wangu kauliza mbona natabasamu peke yangu. Nikamwambia mambo ya kazi.

Jumamosi, 8 Machi.
Kabla ya fainali wachezaji hubadilishana padi, asiwepo wa kulalamika. Sheria hiyo niliitunga mimi. Mwenye banda aliikumbusha kwa sauti, akanisifu.
Raundi ya kwanza nimecheza bila teke. Kipigo cha mbwa koko. Shemeji akauliza taratibu kama kitufe kimekufa. Akasema haki ni haki, akanipa padi nzima, akachukua mbovu. Nikapokea. Njaa haina aibu.
Halafu nikaona maajabu. Ngumi na kuruka tu, teke hata moja hakuna. Yule mwenye nywele za moto alinidunda hewani mara kumi na nane, miguu yangu haikugusa ardhi, skrini yote ikawa nyekundu. Mwenye banda alivua kofia. Mimi nilisahau kubonyeza, nikabaki kutazama. Sijawahi kuona kitu kizuri namna ile, na kilikuwa kinaniua mimi.
Kaseti nimeikabidhi kwa mikono miwili. Nimelia njia nzima.

Jumapili, 9 Machi.
Shemeji kapita asubuhi. Kasema niende kwake kucheza siku yoyote, ila chingamu niiache nyumbani. Mke wangu kauliza chingamu gani. Nikajifanya nimepaliwa na chai.
Nimewaza tangu hapo. Aliyeshinda alishika padi gani? Mbovu. Basi siri imo humo. Padi yangu ya nyumbani nimeisokomeza chingamu chini ya vitufe vyote, na marudiano nimeshaomba. Nimeweka rehani kiti cha kunyolea.